Kaunta ya Graniti na Vigae vya Ukutani Jikoni Kwetu Fuoni: Uzoefu Wangu

Ukiingia kwa wauzaji wa graniti hapa Unguja ukasema unatengeneza jiko, utaoneshwa kwanza nyeusi tupu, kisha nyeusi yenye vimeta vya dhahabu, na rangi nyengine utaziona ukiziulizia. Mimi niliziulizia, nikachukua ya kahawia, na sasa kaunta hiyo imeshapikiwa kila siku kwa zaidi ya mwaka, pamoja na Ramadhani nzima ya futari na daku, kwa hiyo naona ninayo ya kuwaeleza wanaojiandaa kununua. Karakana iliyonifanyia kazi sitaitaja jina, kwa sababu ninayo mazuri yake ya kuyasema na mabaya yake pia.

Nyumba yetu iko Fuoni na imejengwa kwa matofali ya saruji. Kaunta ya zamani ilikuwa ya zege lililolazwa juu ya kuta fupi na kufunikwa kwa vigae vyeupe vya sakafuni, kama ilivyo katika majiko mengi ya mtaani kwetu. Zege lilikuwa zima, kwa hiyo vigae vilibanduliwa, uso ukasawazishwa na jiwe likalazwa juu yake. Anayefikiria makabati ya ubao mwepesi wa kiwandani azingatie uzito kabla ya rangi: graniti ya unene wa sentimita 2 ina takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba, na ya sentimita 3 hukaribia kilo 81. Kaunta yangu ina umbo la herufi L, urefu wa mikono yake miwili ni mita 4.5 na upana ni sentimita 60, maana yake ni kilo 145 au zaidi kidogo za jiwe la sentimita 2, kabla hujateleka chochote.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kitu kilichoniamulia rangi kilikuwa maji.

Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, na maji tunayotumia, yawe ya bomba au ya kisima, kwa sehemu kubwa hutoka chini ya ardhi, yakiwa yamepenya kwenye mawe hayo na kuchukua chokaa njiani. Ndiyo maji yanayoacha utando mweupe ndani ya birika na kuziba vitundu vya bomba la kuogea. Tone lake likikauka juu ya jiwe jeusi lililong'arishwa huacha duara jeupe lenye ukingo unaoonekana tangu mlangoni. Ukilipangusa kwa kitambaa kibichi linageuka michirizi, na ukilipangusa kwa kikavu linapotea mpaka tone jengine lidondoke. Shoga yangu wa Kiembesamaki anayo Black Galaxy, ile nyeusi yenye vimeta, inayochimbwa karibu na Ongole katika jimbo la Andhra Pradesh huko India, na sikatai kwamba usiku, taa zikiwashwa, hakuna jiwe linaloifikia kwa uzuri. Lakini nyuma ya bomba lake la sinki pameshika gamba jeupe ambalo huliondoa kwa siki. Siki huyeyusha chokaa na haiidhuru graniti yenyewe, ila ikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha dawa ya kinga iliyopakwa juu ya jiwe. Na lau angekuwa na marumaru badala ya graniti, siki hiyo hiyo, au ndimu tu iliyokatwa juu yake, ingelila jiwe na kuacha alama isiyong'aa.

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye jiko kuliko mimi, alilitazama bamba jeusi dukani, akalipitisha kiganja, kisha akasema, "Mwanangu, jiwe la kupangusa kutwa si la nyumba yenye watoto." Muuzaji alicheka, lakini hakuwa na jawabu.

Sitaki nionekane ninaitia ila nyeusi bila ya haki. Mawe meusi mazito hayanywi mafuta kirahisi na hayaoneshi doa la manjano, na mtu mwenye chujio la maji nyumbani au mwenye subira ya kukausha sinki kila akimaliza kuosha atafurahi nayo. Mimi sina chujio, na subira hiyo sikuiona kwa yeyote nyumbani kwetu.

Mwenye karakana, bwana wa makamo asiyekuwa na haraka, alinipa vipande vya mabaki nikavijaribie nyumbani, na hakunitoza kitu. Kwa hili peke yake anastahili sifa, kwa sababu duka nililoanzia walikataa hata kunikopesha kipande cha ukubwa wa kiganja. Vipande nilivipanga karibu na dirisha, kila kimoja nikakiwekea tui la nazi, manjano yaliyokorogwa kwa mafuta, ukwaju na kahawa ya bila maziwa, nikaviacha mpaka asubuhi. Nyeusi na kahawia zilipanguswa zikatoka safi. Kashmir White, graniti nyeupe ambayo jina lake ni la Kashmir lakini huchimbwa kusini mwa India, ilibaki na kivuli cha njano palipokuwa na manjano, na palipokuwa na tui pakawa na weusi hafifu wa mafuta yaliyozama. Nilikitoa kipande hicho uani juani, na rangi ya manjano ilififia, kwani manjano hayastahimili jua, lakini doa la mafuta halikuondoka. Muuzaji alinihakikishia kwamba jiwe likipakwa dawa ya kuziba vinyweleo halitanywa kitu. Anachosema ni kweli kwa kiasi fulani tu, maana dawa hiyo huchelewesha umajimaji usizame ili upate muda wa kupangusa, nao mchuzi uliomwagika nyuma ya jiko la gesi usiku hausubiri mtu aamke. Kwa majiko yetu, yenye manjano na nazi karibu katika kila chungu, graniti nyeupe yenye vinyweleo vingi simshauri mtu aiweke, hata apewe kwa nusu ya bei.

Niliyoichukua inaitwa Tan Brown, na chimbuko lake ni Karimnagar, katika jimbo la Telangana. Ukiwa mbali ni kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, ila ukiinama unaona madoa ya madini ya feldispa yenye rangi ya maini, mengine ya mviringo na mengine yaliyopasuka pembeni, yamekaa ndani ya weusi, na katikati yake punje za kijivu za madini ya kwazi zinazoshika mwanga wa dirishani. Mchanganyiko huo ndio unaoficha alama za maji: duara la chokaa lipo, lakini jicho halilioni mpaka ulitafute. Kasoro yake ni kwamba inaficha na uchafu pia. Chembe za sukari na makombo ya mkate wa mofa huyajui mpaka uyapapase kwa mkono, na mara nyingi sisimizi hutangulia kuyajua.

Nitaje majaribio mawili ambayo kila mnunuzi anaweza kuyafanya palepale dukani. La kwanza ni la ndimu: itone juu ya kipande usichokusudia kukinunua, iache kidogo, kisha pangusa, jiwe likichemka au likipoteza mng'ao, hilo si graniti, ni marumaru au jamaa yake, haidhuru limeandikwa nini. La pili ni la asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Yapo mawe ya kijivu yanayopakwa rangi kiwandani yakauzwa kuwa meusi, na ukisugua kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, rangi ya kupaka hubaki kwenye kitambaa. Muuzaji mwaminifu hatakukataza. Niliyempata alinipa kitambaa yeye mwenyewe.

Kuhusu mwanga sitasema mengi. Dukani kulikuwa na taa nyeupe kali, jikoni kwetu kuna taa za njano, na jiwe lile lile lilionekana na wekundu zaidi nyumbani kuliko dukani. Kipande kiletwe nyumbani, kitazamwe mchana na usiku, kikiwa kimelala kama kitakavyolala kwenye kaunta, si kikiwa kimesimamishwa ukutani.

Kwenye vigae vya ukutani ndipo tulipovutana na duka. Kati ya kaunta na makabati ya juu pana sentimita 50, nao walinipendekezea vigae vidogo vidogo vya kioo vya kahawia na dhahabu vilivyobandikwa kwenye wavu, wakanionesha na picha ya jiko la kifahari. Jiwe langu tayari lina madoa, na kuliwekea ukuta wenye madoa ni kuvaa dera la maua na kujitanda mtandio wa maua mengine; kila kimoja kizuri, vikiwa pamoja jicho halipati pa kutulia. Rai yangu, na niko tayari kubishana na yeyote, ni kwamba jiwe lichaguliwe kwanza na ukuta unyamaze. Mwenye jiwe jeusi tupu huyo ndiye mwenye haki ya kuweka vigae vya nakshi, na vile vyenye michoro ya nyota na maua vinavyofanana na nakshi za milango yetu vingempendeza sana.

Mume wangu alitaka graniti hiyo hiyo ipande ukutani mpaka kwenye makabati. Ni kinga nzuri kuliko zote, kwa kuwa haina viungo, lakini jiko letu lina dirisha moja, na ukuta wa jiwe la kahawia ungeligeuza kuwa stoo. Tukakubaliana juu ya vigae vya kauri vya rangi ya maziwa, visivyo na mchoro, vyenye mng'ao wa kawaida, vya sentimita 30 kwa 60, vilivyolazwa kwa ubavu.

Ukubwa huo haukuwa wa bahati nasibu. Vile vigae vidogo vyeupe vya sentimita 7.5 kwa 15, ambavyo siku hizi kila mtu anavitaka, vina takriban mita 20 za viungo katika kila mita ya mraba ya ukuta, ilhali vya 30 kwa 60 vina mita 5 tu. Kigae chenyewe hakina tatizo, kwa sababu uso wake umepakwa kioo na haunywi kitu; kinachonywa ni saruji ya kujazia viungo, na ikiwa nyeupe, baada ya mwezi mmoja wa kukaangia samaki wa manjano mbele yake utajua ni mchuzi gani ulipikwa lini. Fundi alikuja na mfuko mweupe, akidai kuwa ndio unaoendana na kigae. Nilimrudisha akalete ya rangi ya mchanga, na nyuma ya jiko la gesi nikataka kijazio cha epoksi, ambacho hakinywi mafuta wala rangi. Epoksi ni ghali, hukauka haraka na humchosha fundi, na kwa kweli alinung'unika tangu alipoanza mpaka alipomaliza, lakini sehemu hiyo hadi leo inapanguswa kwa sabuni ya vyombo na kurudi ilivyokuwa, wakati viungo vya saruji vilivyo pembeni yake vimeanza kukolea. Lau ningekuwa na uwezo ningeweka epoksi ukuta mzima.

Pale kaunta inapokutana na ukuta hapajazwi saruji. Jiwe na ukuta havitanuki sawasawa, na saruji ikiwekwa hapo hupasuka na kupitisha maji kwa nyuma. Panapakwa silikoni, na iwe ya jikoni isiyoshika ukungu, kwani unyevunyevu wa masika hapa visiwani hauna huruma. Dada yangu anayeishi Mji Mkongwe aliniuliza kama afanye kama nilivyofanya, nikamwambia asiharakishe. Kuta za nyumba zile ni za mawe na chokaa, zinavuta unyevu na chumvi na zinahitaji kupumua, na kigae kilichobandikwa kwa saruji juu yake mara nyingi huja kubanduka pamoja na plasta.

Nije kwenye kazi ya karakana. Upimaji ulikuwa mzuri sana. Hawakutegemea futi peke yake, walikata kiolezo cha ubao mwembamba kufuata kuta, maana pembe ya jiko letu si ya nyuzi 90 kamili, na nadhani ni nyumba chache mtaani zenye pembe hiyo. Kiungo cha mabamba mawili walikiweka pembeni, mbali na tundu la sinki, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ule ukanda mwembamba ulio mbele na nyuma ya sinki ndio dhaifu kuliko sehemu zote za kaunta.

Matatizo yalianza siku ya kufunga. Bamba nililolichagua nilikuwa nimelitia alama ya chaki na kulipiga picha mbele yao, lakini mkono mfupi wa kaunta ulipoletwa ulikuwa na madoa makubwa zaidi na wekundu uliozidi, yaani ulikatwa kutoka bamba jengine. Fundi mkuu akaniambia, "Mama, likishafungwa huoni tofauti." Nikamjibu, "Fundi, naiona hata kabla hujalifunga." Nikawaonesha picha. Hawakubishana tena, walilirudisha, na baada ya kusubiri wakaleta kipande kilichofanana, bila ya kuniongezea hata shilingi. Graniti ni jiwe la asili, na mabamba mawili yenye jina moja yanaweza kutofautiana kiasi cha kushangaza, kwa hiyo anayenunua adai mabamba yake yote yatoke kwenye shehena moja, na apige picha.

Kasoro ya pili waliiacha mpaka leo. Sinki langu limefungwa chini ya jiwe, na hivyo ukingo wa tundu unaonekana na unashikika. Mbele na ubavuni waliung'arisha vizuri, lakini ule wa nyuma, chini ya bomba, ukipitisha kidole unakwaruza, na hapo ndipo chokaa inaposhika kwanza. Waliahidi kurudi na msasa wao wa maji, ahadi ikabaki ahadi.

La tatu ni vumbi. Tundu la soketi ukutani na marekebisho madogo ya jiwe walitaka kuyakata kwa grainda kavu ndani ya jiko. Graniti ina kwazi nyingi, na vumbi lake ni la silika, ambalo likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu kwa maradhi yasiyo na tiba. Mwenye hatari kubwa ni fundi mwenyewe kuliko mimi. Niliwataka watoke nje na wakate kwa maji, wakanitii, lakini yule kijana aliyeshika mashine alikuwa amejifunga kitambaa tu usoni, na hilo sikulipenda kwa karakana ya kiwango chao.

Kuhusu bei, tarakimu hazitamsaidia mtu kwa kuwa zinapanda na kushuka na kila shehena, lakini namna ya kuhesabu inafaa kuijua. Bei inayotajwa dukani ni ya eneo la jiwe tu. Juu yake huja tundu la sinki, tundu la jiko kama ni la kuzamishwa, ung'arishaji wa ukingo ambao huhesabiwa kwa urefu, dawa ya kinga, na usafiri. Uliza pia kama unalipia bamba zima au eneo ulilotumia. Kama ni zima, mabaki ni yako, na mimi langu lililobaki nimelifanya kibao cha kusukumia chapati, kizito lakini kizuri, kwani jiwe hubaki baridi na unga haunati.

Katika matumizi sina lalamiko kubwa. Sufuria iliyotoka kwenye gesi nimeiweka moja kwa moja juu ya jiwe na hakijatokea kitu, lakini seredani yenye makaa siiruhusu, kwa kuwa moto mkali wa mahali pamoja unaweza kulipasua jiwe, hasa karibu na tundu la sinki. Kinu cha kutwangia kitunguu thomu nacho hushushwa chini. Usafi wa kila siku ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Dawa ya kinga naijaribu kwa tone la maji: likisimama juu ya jiwe bila ya kuzama, inatosha, likizama na kuacha kivuli, ni wakati wa kupaka tena, na hadi sasa halijazama.

Kwa jumla karakana naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano wataipata siku watakayokuja kunisugulia ule ukingo wa nyuma. Wifi yangu aliyeko Wete anataka jiwe kama hili, na walimwambia kuwa wanakata huku kwa vipimo atakavyoleta, kisha mzigo unakwenda Pemba kwa meli na mafundi wa huko ndio watakaofunga. Nimemshauri asikubali vipimo vya kuandikwa kwenye karatasi, atengeneze kiolezo cha ubao kwanza na kukileta, na vipande visafirishwe vikiwa vimesimama kwa ubavu wake. Jiwe lililolazwa chali chomboni huweza kufika limepasuka, na wao walishasema wazi kwamba likishapakiwa halimo mikononi mwao.